Kufufua Mashua ya Zamani

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hii imesemwa mara nyingi mno darasani, na huenda imekwisha kupoteza makali yake masikioni mwako, msomaji. Hata hivyo, iko kazi moja inayoirudishia makali hayo yote, nayo ni kazi ya kufufua chombo cha majini kilichozeeka. Mtu anayeifanya hujifunza upesi kwamba ufa mwembamba kama unywele, aliouona mwenye chombo miaka thelathini iliyopita akaupuuza, ndio uliokula moyo wa chombo kizima.

Wako watu katika nchi nyingi ambao uraibu wao ni kutafuta motaboti za zamani za faibaglasi, zile zilizoundwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kuzitengeneza upya kwa mikono yao wenyewe. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya biashara, maana wengi wao hutumia fedha nyingi kuliko thamani ya chombo. Huzikuta zimetupwa nyuma ya mabanda, zimejaa majani makavu na maji ya mvua. Huzishughulikia jioni baada ya kazi, na siku za mapumziko, pengine kwa miaka miwili au mitatu, hata zikaelea tena. Asiyewaelewa huwacheka. Mimi nataka tusiwacheke, bali tuwaulize wanajua nini ambacho na sisi yatupasa kukijua.

Pengine utaniuliza: Kisii na motaboti, wapi na wapi? Swali lako ni la haki. Sisi tunaokaa Kisii na Nyamira ni watu wa milimani. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, nasi twajua chai, ndizi na jiwe la sabuni la Tabaka kuliko tunavyojua makasia. Lakini simama juu ya ukingo wa Manga siku ya anga safi, utazame mbali upande liliko ziwa, nawe utakumbuka kwamba milima hii na maji yale ni majirani. Mto Gucha huanzia katika nyanda za juu za Kiabonyoru huko Nyamira, hupita katika nchi ya Kisii, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Basi maji yetu hushuka ziwani kila siku. Na iko siku ambapo vyombo vya ziwani navyo vilituletea mambo yao hadi milimani.

Siku hiyo ilikuja mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi Agosti mwaka huo, mpaka kati ya nchi iliyotawaliwa na Waingereza na ile iliyotawaliwa na Wajerumani haukuwa mbali na Kisii. Mwezi Septemba kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika kiliuvuka mpaka huo, kikaingia mji wa Kisii, ambao maofisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuuacha. Waingereza hawakuwa na barabara njema ya kupelekea jeshi upesi. Walichokuwa nacho ni ziwa, na meli za ziwani. Askari wa King's African Rifles walipakiwa melini Kisumu, wakashushwa Kendu, wakaikwea milima kwa miguu. Tarehe 12 Septemba 1914 pande hizo mbili zilipigana karibu na mji. Kapteni Thorneycroft, aliyewaongoza askari waliotoka Kisumu, aliuawa. Wajerumani nao walipata hasara, wakaondoka kurudi kusini.

Habari ya vita hivyo mara nyingi huishia hapo. Lakini wenyeji walikuwa wameiona serikali ikikimbia, na wengi wao waliamini kwamba utawala wa Waingereza umekwisha. Watu waliingia mjini wakachukua mali katika ofisi na maduka. Waingereza walipopata nguvu tena, adhabu ilikuwa kali: nyumba zilichomwa moto, na ng'ombe wengi walichukuliwa. Wafalme wa Ulaya waligombana, na mfugaji wa Kisii akalipa. Nakuomba uiweke habari hii moyoni, msomaji, kwa kuwa tutairudia.

Sasa tuzitazame meli zenyewe. Miongoni mwa meli za Waingereza katika ziwa zilikuwamo mbili zilizofanana, Winifred na Sybil. Zote mbili ziliundwa mjini Paisley, Scotland, na kampuni ya Bow, McLachlan. Zilisafirishwa vipande vipande hadi Mombasa, zikapakiwa katika gari la moshi hadi Kisumu, na huko zikaunganishwa msumari kwa msumari. Mwezi ule ule wa Septemba 1914 Winifred ilipokaribia Karungu ilishambuliwa na Muansa, meli ndogo ya Wajerumani iliyofungwa mzinga, ikalazimika kurudi nyuma. Mwezi Novemba Sybil ilipatwa na msiba mkubwa zaidi: ilipanda mwamba karibu na Majita, katika pwani ya Wajerumani, ikakwama, ikaachwa.

Ilikaa huko miezi mingi. Mwaka 1915 Waingereza walipeleka askari kulinda mahali hapo, na mafundi wakashuka kuifanya kazi yao. Waliziba palipoumia, wakaiinua meli, ikaelea, ikavutwa hadi Kisumu, ikatengenezwa, ikarudi kazini. Fikiri kidogo juu ya fundi yule wa kwanza aliyeingia ndani ya Sybil pale Majita. Hakuanza kwa kupaka rangi. Alianza kwa kutafuta mahali mwamba ulipouma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuliza: Chombo hiki kiliumia wapi, na kwa sababu gani? Hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu anayefufua chombo, na pia ni swali la kwanza la mwanahistoria.

Ziwa Tanganyika nalo lina habari za namna hiyo, na ndani ya habari zake tunazikuta motaboti. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani ziwa hilo, lakini hawakuwa na meli humo. Wakatuma kutoka Uingereza motaboti mbili za mbao za mahogani, Mimi na Toutou. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, na mwendo wa kilomita 35 kwa saa, mwendo ambao meli za Wajerumani hazikuweza kuufikia. Kiongozi wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Mashua hizo zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Kongo, kisha zikavutwa nchi kavu na mitambo ya mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba. Wenyeji kwa mamia walikata miti, wakajenga madaraja, wakabeba maji ya mitambo. Ukivisoma vitabu vinavyosimulia safari hiyo utayakuta majina ya mashua na ya maofisa. Majina ya waliobeba maji ni nadra kuyakuta.

Tarehe 26 Desemba 1915 motaboti hizo ziliikabili meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, nao mzinga ukaitoboa. Ilifikishwa pwani ikiwa imejaa maji. Washindi hawakuitupa. Waliiziba, wakaipa jina jipya, Fifi, na mwezi Februari 1916 ilishiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann, meli iliyokuwa mwenzake. Basi unaona kwamba kufufua chombo peke yake si wema wala si ubaya. Chombo kilichofufuliwa huenda alikotumwa na aliyekifufua.

Lakini katika habari zote za maziwa yetu sijui iliyo na mafunzo kupita ile ya Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafumuliwa, ikafungwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli Kigoma, ikaunganishwa, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walilazimika kuikimbia Kigoma. Waliamriwa kuizamisha meli ili adui asiipate. Mafundi wake waliitii amri, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito, kila mahali, ili maji yasiile. Kisha wakaizamisha taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi, mwezi Julai 1916.

Vita vilipokwisha Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua mara ya pili, na walipoifungua mitambo, waliikuta ingali nzima chini ya grisi ile. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale ambalo wenyeji wa upande wa kusini waliliita ziwa lenyewe. Ikawabeba watu, samaki, mahindi na wakimbizi kwa miongo mingi, na katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ikabadilishwa kwa injini za dizeli. Mafundi wale wa 1916 hawakumjua atakayeiibua kazi yao. Walijua tu kwamba huenda atakuja. Waliandika barua kwa grisi, na barua hiyo ikasomwa baada ya miaka minane.

Sybil na Liemba zilikuwa za chuma. Mimi na Toutou zilikuwa za mbao. Kwa karne nyingi watu wa pwani yetu walijua vyombo vya mbao tu, na walijua namna ya kuvitunza. Kila mwaka chombo kilipandishwa mchangani, nyufa zikatiwa kalafati ya pamba, mbao zikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini pakapakwa deheni. Hakuna nahodha aliyeiona kazi hiyo kuwa ni adhabu. Ilikuwa sehemu ya kuwa na chombo. Kisha, katikati ya karne ya 20, kikaja kitu kilichoahidi kuiondoa taabu hiyo yote. Kitu hicho ni faibaglasi.

Kioo kikiyeyushwa, kisha kikapulizwa kwa nguvu, huwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Viwanda vya Marekani vilijifunza kuzitengeneza nyuzi hizo kwa wingi katika miaka ya 1930, na mwaka 1938 iliundwa kampuni ya Owens-Corning kwa ajili ya kuziuza. Nyuzi peke yake ni laini kama kitambaa. Lakini zikiloweshwa kwa resini, yaani gundi ya majimaji ambayo huganda ikitiwa dawa, huwa kitu kigumu, chepesi, kisichoota kutu na kisichopenywa na maji kwa urahisi. Mwaka 1942 fundi mmoja wa Ohio, Ray Greene, aliunda mashua ndogo kwa ufundi huo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, waunda mashua wengi walimfuata.

Ajabu ya faibaglasi ni kalibu. Fundi wa mbao huunda mashua moja, kisha huanza nyingine tangu ubao wa kwanza. Mwenye kalibu hutandika kitambaa cha nyuzi ndani yake, hukilowesha resini, husubiri kigande, huchomoa mashua nzima, kisha hurudia. Kalibu moja yaweza kuzaa mashua mamia. Kwa hiyo bei ilishuka, na jamaa za kawaida za Marekani zikaweza kununua motaboti. Wachoraji nao wakafanya ubingwa wao: mashua za miaka ya 1950 zikapewa mapezi kama ya samaki na rangi mbili mbili, zikifanana na motokaa za siku zile. Hizo ndizo zinazotafutwa leo na wenye uraibu wa kuzifufua.

Wauzaji walisema: mashua hii haiozi, wala haihitaji matunzo. Msomaji, jihadhari na kila kitu kinachosemwa kuwa hakihitaji matunzo. Maneno yale yalikuwa nusu ya kweli. Faibaglasi yenyewe haiozi. Lakini waundaji waliona kwamba ni nyepesi mno, hunepa, nao wakaitia mifupa ya mbao ndani: mihimili ya plaiwudi chini ya sakafu, na ubao mnene katika tezi, mahali panapofungwa injini. Mbao hizo zikafunikwa kwa faibaglasi, zisionekane. Kisha mtu akatoboa tundu la skrubu ili afunge kitu fulani, asilizibe vyema. Maji yakaingia tone kwa tone. Kwa kuwa mbao zilikuwa zimefungiwa, hazikupata hewa ya kuzikausha. Zikaoza gizani, huku nje rangi iking'aa.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mashua ya mbao ikioza, jicho huona. Mashua ya faibaglasi huweza kuonekana mpya, na ubao wa tezi ukawa umekwisha kuwa kama ugoro. Siku injini inaposukuma kwa nguvu zake zote, tezi hung'oka, na waliomo huzama pamoja na rangi yao nzuri.

Basi mwenye kuifufua mashua kama hiyo haamini macho. Huchukua mpini wa nyundo, akagonga taratibu, kiganja kwa kiganja, tangu omo hadi tezi, akisikiliza. Mahali palipo pazima hulia kwa sauti kavu, kali. Mahali palipooza hulia kwa sauti nzito, iliyokufa. Akishuku, hutoboa tundu dogo. Vumbi la mbao likitoka jeupe na kavu, hushukuru. Likitoka jeusi, bichi, lenye harufu ya uozo, hujua kwamba ana kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza mashua huegemezwa vizuri juu ya magogo yaliyochongwa kufuata umbo lake, kwa sababu ikiondolewa mifupa hali imekaa vibaya, hupinda, na ikipinda haitanyooka tena. Pili, kila kitu hupigwa picha na kupimwa kabla hakijang'olewa, maana ubao uliooza ndio kielelezo pekee cha ubao mpya. Tatu, sakafu hukatwa, mbao mbovu hutolewa, na povu gumu lililonyonya maji hutupwa. Nne, mashua huachwa ikauke kabisa, hata kama ni kwa wiki nyingi. Tano, mbao mpya hutiwa, zikafunikwa kwa kitambaa cha nyuzi na resini. Palipo na tundu, kingo zake hukwanguliwa kwa mteremko mpana, kiasi cha mara 12 ya unene wa mahali hapo, ili kiraka kipya kipate mahali pa kushika. Kiraka kilichobandikwa juu ya ukingo uliosimama wima hubanduka.

Katika kazi hiyo kijana wa Kisii angekuta mambo anayoyajua. Wachongaji wa Tabaka hulisugua jiwe la sabuni kwa msasa na maji, msasa mkavu kwanza ukiwa na chembe kubwa, kisha laini, kisha laini zaidi, hata jiwe likawa kama limepakwa mafuta. Ngozi ya mashua husuguliwa vivyo hivyo. Vumbi la jiwe na vumbi la nyuzi za kioo yote mawili ni adui wa mapafu, na fundi mwenye akili hufunika pua na mdomo wake. Hali ya hewa ya kwetu nayo ingemfundisha subira. Resini hutiwa dawa ya kugandisha, asilimia 1 au 2 tu, nayo huganda kwa shida penye baridi na hushika vibaya penye unyevu. Katika nchi inayopata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, fundi angejenga paa kwanza, kisha angefanya kazi asubuhi na mapema mchana, kabla mawingu ya alasiri hayajakusanyika.

Utasema: Kwa nini kujisumbua hivyo? Si afadhali kuitupa na kununua nyingine? Hapa ndipo historia ya faibaglasi inapotofautiana na historia ya mbao na chuma. Mashua ya mbao ikifa, huwa kuni, au huoza ikarudi udongoni. Meli ya chuma ikifa, hukatwa ikayeyushwa, ikazaliwa upya kuwa nondo na sufuria. Mashua ya faibaglasi haina kaburi. Haiozi. Haiyeyuki ikawa kitu kingine, maana resini iliyoganda haigeuki tena kuwa majimaji. Ukiichoma ovyo, hutoa moshi wenye sumu na kuacha nyuzi za kioo. Motaboti iliyotupwa ufukoni mwaka 1965 yaweza kuwapo hata leo, umbo lake likiwa vile vile. Babu aliyeiunda alitushindia taabu ya kalafati, akaturithisha mzigo usiofukika. Kwa hiyo mwenye kuifufua hafanyi mchezo tu. Amekubali kuutunza mzigo ambao mwingine aliutupa.

Watu wa pwani yetu wameliona jambo hili, nao wamelijibu kwa namna yao. Huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walichukua plastiki kuukuu iliyookotwa, tani 10 hivi, pamoja na kandambili zipatazo 30,000, wakaunda jahazi liitwalo Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kiasi cha kilomita 500, na mwaka 2021 likaletwa Ziwa Viktoria, likazitembelea pwani za Kenya, Uganda na Tanzania. Mafundi hao hawakuwa na kitabu cha kuwaonyesha jinsi ya kuchonga mataruma na mkuku kwa plastiki. Walitumia elimu ya babu zao juu ya mbao, wakaijaribu katika kitu kipya. Hivyo taka iliyoshushwa na mito, pengine na Gucha yetu pia, ilikutana ziwani na ufundi wa Lamu.

Sasa na turudi Kisii, mwaka 1914, kama nilivyokuahidi. Nilipokwambia mara ya kwanza kwamba Waingereza na Wajerumani walipigana, na Wajerumani wakaondoka, nilikuwa nakuonyesha rangi ya nje. Rangi hiyo si ya uongo. Tarehe ni sahihi na mapigano yalikuwapo. Lakini gonga kidogo. Chini ya tarehe iko sauti nzito: nyumba zilizoungua, ng'ombe walioswagwa, watu walioadhibiwa kwa sababu ya vita ambavyo hawakuvianzisha. Gonga habari ya Mimi na Toutou, utawasikia waliobeba maji. Mwanahistoria anayeipaka habari rangi mpya bila kuigonga ni kama fundi anayepaka rangi juu ya tezi iliyooza. Kazi yake itapendeza siku ya kwanza, lakini anayeitegemea atakuwa hatarini.

Wala mwanahistoria asiseme kwamba kwa sababu sehemu fulani imeoza, basi chombo chote kitupwe. Fundi mwema hukata palipooza, akaacha palipo pazima. Hafichi kiraka chake. Huandika katika daftari kile alichokikuta, kile alichokiondoa na kile alichokitia, ili atakayekuja baada yake, kama wale walioiibua Liemba, aikute kweli chini ya grisi.

Msomaji, huenda usipate kamwe motaboti ya kufufua. Lakini utarithi vitu vingi vilivyozeeka: nyumba, shamba, shule, chama cha ushirika, desturi, na historia ya watu wako. Vingine utaambiwa havihitaji matunzo. Vingine utaambiwa vimekwisha, vitupwe. Usimwamini upesi wa kwanza wala wa pili. Chukua mpini wako wa nyundo, ugonge taratibu tangu omo hadi tezi, ukisikiliza. Na rangi iwe kazi yako ya mwisho.